Mume Aliyerudi Kwenye Tamthilia

Kamembe, Jumapili

Papa mpendwa,

Sisi ni wazima, natumaini huko Bukavu nawe pia. Jana tamthilia iliisha: yule mume aliyemtukana mkewe kisha akaondoka alirudi, na mke akamfungulia mlango. Majirani, waliojaa kwetu kama kawaida, wakabishana.

"Miye ningemuacha kwa mvua!" alisema Mama Ridhwani.

Maman alikuwa akichambua maharagwe. "Mimi ningemfungulia," alisema, "lakini aombe radhi mbele ya wote waliosikia matusi."

Wote wakamgeukia, kwa sababu siku uliyoondoka ni wao waliosikia.

Papa, Jumamosi saa kumi na mbili jioni tamthilia mpya inaanza. Watakuwepo wote. Nitakuwekea kiti karibu na Maman.

Binti yako anayekutazamia,
Umurerwa