Pamba ya Darini

Jumamosi, 11 Novemba 1978
Edah katoka hospitali leo. Kifua kimetulia. Daktari kasema chumba kiwe na joto, kisiwe na unyevu. Chumba chenyewe kiko chini ya paa tupu! Joto lote linatorokea juu.

Baba Edah ameshaamua: Januari ikifika nyumba ingali na baridi hivi, mtoto anarudishwa nyumbani Nyamira kwa nyanyake. Eti wengi wetu huku ughaibuni wamefanya hivyo. Najua. Kemunto, muuguzi mwenzangu wodini, alimpeleka wake. Alipoenda kumwona, mtoto alimwamkia kama mgeni. Edah ana miaka mitatu. Sikubali. Sikubali!

Jumanne, 14 Novemba
Dukani Selly Oak, natafuta cha kutandaza darini kizuie joto lisitoroke. Kuna punje nyepesi za kumwaga kutoka guniani, na kuna pamba ya glasi, inauzwa kwa roli, imeviringishwa kama mkeka. Nikapenda punje – unamwaga kama wimbi la kusaga, kwisha kazi. Jirani yetu Baldev, seremala wa Nairobi tangu zamani, kanicheka. Mama Edah, asema, paa lako lina upepo, punje zote zitahamia kona moja! Chukua pamba.

Baba Edah: na vumbi la glasi je, kwa kifua hicho? Swali la haki. Baldev: mtoto alale kwetu na binti yangu Kulwinder siku mbili, na nyufa zote za dari zizibwe kwanza. Haya. Pamba.

Jumapili, 19 Novemba
Kanisani sikuenda, Mungu anisamehe. Nimetandaza mwenyewe, glavu mkononi, kitambaa puani. Baba Edah ananipandishia roli kutoka ngazini. Mikono inawasha balaa! Hata kule pembeni, paa linapokutana na ukuta, palipokuwa panapuliza upepo – nimeshindilia kabisa. Mama alinifundisha kukandika nyumba: usiache hata pa sisimizi kupita. Najivunia!

Jumatano, 20 Desemba
Joto lipo, lakini kuna harufu ya uvundo. Nimepanda na tochi. Mbao za paa zinatoa jasho, matone yanadondokea pamba! Nikakaa huko huko nikalia. Baba Edah akachungulia. “Unaona?” Basi, hilo tu.

Baldev kapanda, akashika kichwa. Nani kaziba pembeni? Mimi. Akaeleza polepole: joto likae chini, upepo upite juu, la sivyo mbao zitaoza. Udongo wa kwetu unapumua wenyewe, nani angenikumbusha hilo? Tumeivuta pamba nyuma pande zote, iliyolowa tukaitoa, tukaweka mpya. Sasa tungoje.

Jumapili, 31 Desemba
Theluji! Nimepanda asubuhi, nikagusa mbao. Kavu!

Baldev katuita nje: tazameni mapaa. Ya majirani theluji imeshayeyuka, vigae vinaonekana. Letu jeupe pe! Baldev anasema joto letu halipandi tena, limebaki na mtoto. Baba Edah katazama muda mrefu.

Ameingia, anavua viatu, ananiuliza chekechea ya pale kanisani inaandikisha watoto lini. Hivyo tu! Nyamira hakuitaja.

Edah kakohoa huko juu. Mara moja. Baba Edah kasimama ngazini, mimi na kalamu mkononi – tunasikiliza kama kuna ya pili. Bado.