Kitambaa juu ya kompyuta

Yaya Guelord, kaka yangu, pondu, ile mboga ya majani ya muhogo, iko kwenye sufuria, ipashe moto. Kompyuta usiipeleke kwa fundi.

Jana ulinikataza kuisogelea, eti inazimika kwa sababu naigusa. Leo asubuhi niliiwasha, nikaweka mkono nyuma yake. Upepo wa moto ulitoka polepole, kama pumzi ya mtoto aliyelala, hata chai nikaisahau. Nilipoifunika kwa kile kitambaa alichofuma Mama, upepo ulikwama, ikazimika. Nilipokitoa, ilikaa saa nzima bila kuzimika.

~~Usimwambie Mama.~~ Mwambie wewe, kwa upole. Alikifuma ili vumbi lisiharibu mémoire yako ya chuo, ile tasnifu unayoiandika humo.

Jioni uniite nikae karibu. Nataka uliandike jina langu nilione likitokea kwenye skrini, herufi moja moja.

Mdogo wako,
Ursule