Mzungu Alipiga Magoti Barafuni

London, Jumapili, Januari 1958

Moyo haujatulia. Sakitu ya kwetu Njombe, ule umande unaoganda usiku, naijua, huunguza viazi shambani, lakini leo katika bustani ya mji nimeona bwawa zima limeganda, na watu wazima wanateleza juu yake!

Mwalimu Mgaya wa Makambako, ninayesoma naye hapa, akataka kujaribu.

"Ndugu yangu, utavunjika," nikamwambia.

Akakodi viatu vyenye vyuma vya kutelezea, kamba zikamshinda. Mzee wa Kizungu aliyevikodisha akapiga magoti barafuni, akamfunga.

"Havikubani, bwana?"

Bwana! Mgaya akageuka kutazama ni nani anayeitwa. Hata mimi.

Mwezi ujao narudi Njombe. Huko nikikutana njiani na Bwana Shauri, ofisa wa Kizungu wa serikali, sharti nivue kofia. Sijui kama mkono utanitii.