Sirudi Mikindani, Njoo Wewe Unywe Supu

Bagamoyo, Ijumaa baada ya sala

Kwa dada yangu na mkubwa wangu, Mwanahamisi,

Shikamoo dada. Najua umeitika marahaba kwa kununa, lakini umeitika. Goti linaendeleaje, lile la kushoto? Mvua imefika huko, na paa la jikoni bado linavuja? Mimi ni mzima. Shati ulilonishonea sikukuu halifungi tena kifungo cha tumboni, kwa hiyo wanaosema nimekonda waambie waje wanione. Nakuandikia kwa sababu simu unanikatia kabla sijafika katikati ya maneno. Karatasi haikatwi. Na wewe Rukia mwanangu, unayemsomea mama yako, soma yote kama yalivyo, usiruke pale mjomba wako anapokaza sauti.

Dada, maneno yako nimeyapata. Umesema mbele ya ukoo mzima kwamba mwanamume wa umri wangu anayekula hotelini asubuhi, mchana na jioni ni mtu asiye na watu, na kwamba nifunge mizigo nirudi nimwoe binti wa mama mdogo. Jibu langu ni kwamba sirudi. Sababu nakupa, kaa vizuri.

Kwanza, huko hotelini unakokutaja kwa kubinua mdomo, mimi ninajulikana. Ukishuka stendi ukamuulizia Fundi Hamadi, hata mbuzi atakuonyesha njia. Nyumba za mawe za mji wa zamani huku mimi ndiye ninayezipiga chokaa. Ukuta wangu mmoja ulitoka laini mpaka mjusi alipanda, akateleza, akaanguka miguuni pangu, akanitazama kama mtu aliyedhulumiwa. Mashahidi wapo. Fundi wa namna hiyo hakosi chakula, na mimi mji huu nimeula kona kwa kona.

Yote yanaanzia kwa Bi Zuhura, jirani na soko la samaki. Bibi huyu alikuwa akiuza supu ya changu na chapati kwenye baraza ya nyumba yake. Ikifika saa nne, wakati wa chai, mafundi tunashuka ngazi hata kama chokaa iko mkononi. Supu ile, dada, ukiinywa masikio yanazibuka, unasikia adhana ya Unguja. Namjua mzee aliyefika pale na mkongojo, akanywa, akaenda zake akausahau. Mkongojo upo mpaka leo, unategemeza mlango. Nami Bi Zuhura hakuwa akiniuliza nataka nini. Ndimu nusu, pilipili mbichi mbili pembeni, basi. Hayo aliyashika siku ya kwanza, hakuyasahau.

Kisha mumewe akafariki, Mungu amrehemu, mtu mkimya, mimi mwenyewe nilishika jeneza. Bi Zuhura akaingia eda na jiko likazimwa. Ndipo nilipoanza kuzunguka, na ndipo ulipopata habari kwamba ndugu yako anatangatanga kwenye mahoteli kama yatima. Sikutangatanga. Nilikuwa natafuta.

Nilikwenda Msata kwenye kazi ya ukuta, pale mabasi yanaposimama. Nyama yao ya kuchoma ni tamu, sina neno. Lakini kila mtu anakula amesimama, jicho kwa dereva. Nikajikuta na mimi natafuna mbio, na wala sikuwa na basi. Nikajaribu Mlingotini kwa wavuvi. Samaki wa kukaanga nawavulia kofia. Chapati yao, sasa, ningeipiga misumari minne ikaziba dirisha.

Nikaingia hata hoteli moja ya ufukweni, ya wageni. Nilivaa kanzu na koti. Binti mmoja mwenye adabu akaniambia, "Karibu mzee, leo tuna branchi."

"Ndiyo nini hiyo, mwanangu?"

"Chakula cha asubuhi na cha mchana kwa pamoja."

"Hicho ni chai ya saa nne. Babu yangu kaila mpaka akafa."

Akacheka, akaleta sahani pana kama ungo, katikati yai moja na jani. Nikangoja. Akaja kuniuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia hakuna, nawangojea wenzake hilo yai. Akasema, "Ndiyo yote, mzee." Nikala kwa heshima, nikaondoka kwa heshima, nikaenda moja kwa moja kwa Mhindi wa bajia mtaa wa pili. Hao ni watu wa hapa tangu babu zao, na chatne yao ya nazi haina mpinzani.

Pale kwa Mhindi ndipo lilipotokea neno ambalo huko limefika likiwa limeota pembe. Nikupe lile la kweli. Tulikuwa tumekaa, wazee wanasifu bajia. Nikasema, kwa sauti yangu hii unayoijua, "Hizi bajia ni za kuzugia njaa. Eda ya Bi Zuhura ikiisha, sitakwenda tena barazani kwake kama mteja. Supu ile nitainywa ndani."

Dada, hata mafuta kwenye karai yalinyamaza. Mzee mmoja akaweka kikombe chini, akasema, "Hamadi, mwanamke aliye edani haposwi."

"Nani kaposa? Nimesifu supu."

"Umeposa, tena mbele ya bajia."

Nashikilia hapohapo, sikuposa. Lakini maneno yalifika kwa Mzee Shomari, kaka yake Bi Zuhura, kabla bajia zangu hazijapoa.

Eda ikaisha. Asubuhi jiko lilipowashwa nilikuwa wa kwanza barazani, kwenye kigoda changu. Anayegawa ni Mzee Shomari, dada yake yuko ndani anapika nyuma ya pazia. Akawapa wote. Kwangu akasema, "Supu imekwisha."

"Mzee Shomari, na hiyo inayochemka?"

"Maji ya kuoshea vyombo."

Watu walicheka ndani ya mabakuli. Mwingine angeondoka. Mimi nilikaa, nikawatazama wenzangu wakinywa maji ya kuoshea vyombo na kulamba vidole. Kesho yake nikarudi. Imekwisha. Keshokutwa, imekwisha. Mafundi wenzangu wakanisihi, "Twende zetu Hamadi, unajiaibisha." Nikawaambia mimi ni wa Mikindani, kwetu aibu huchoka kabla yetu. Nikawa nakuja kila siku, nakaa, nasalimia, nawatakia wenzangu chakula chema, narudi kazini na tumbo tupu.

Juma likapita namna hiyo. Siku hiyo Mzee Shomari amefungua kinywa kusema imekwisha, sauti ikatoka nyuma ya pazia, ya taratibu, kila mtu kaisikia.

"Kaka, mpe supu. Mtu hafunzwi adabu kwa njaa."

Sauti ikaongeza, "Na kama anataka kilicho zaidi ya supu, kwao hawana watu wa kuwatuma?"

Mkono ukatoka na bakuli. Ndimu nusu. Pilipili mbichi mbili pembeni. Hakuna aliyemkumbusha, dada. Eda yote ile, na hakuna aliyemkumbusha.

Nilipomaliza, Mzee Shomari akakaa karibu yangu.

"Hamadi, una watu wewe?"

"Wamejaa Mikindani."

"Mikindani naisikia. Hapa nakuona wewe na kijiko."

"Nina dada. Akisimama hapa, wewe mwenyewe utampisha."

"Basi na asimame. Mwanamume hajiposei. Waje wapige hodi, tuwasikie. Wasipokuja, utakunywa supu hapa nje mpaka meno yaishe."

Kwa hiyo umeona, dada. Wewe umesema sina watu, na Mzee Shomari kasema sina watu, na hamjapata kuonana. Mmoja wenu ana haki ya kusema hivyo, maana hanijui. Wewe ulinibeba mgongoni.

Sikuombi. Nakuarifu. Binti wa mama mdogo mwambie asinisubiri, ni msichana mwema, aolewe na mwenye meno yote. Mimi kurudi sirudi, hata mkiniletea Mikindani yote kwenye lori. Ila nyumba niliyopanga nimeipiga chokaa upya, chumba cha mbele kimekaa tupu, na kitanda nimekipunguza miguu kwa ajili ya goti lako. Basi la asubuhi ndilo zuri, dereva wake hakimbizi. Njoo na ile kanga yako ya harusi za watu, ile ukiivaa wanaume wanasahau hoja zao.

Nisalimie shemeji yangu mvumilivu, mumeo, ambaye nampa pole kila siku. Nisalimie mama mdogo, na umwambie asikasirike. Nisalimie mjomba wetu mwenye duka la nyavu, nisalimie na mama mkwe wako hata kama hataki. Rukia, umesoma vizuri. Mwangalie mama yako, na kama anajifanya hasikii, msomee tena pale penye ndimu.

Wako, uliyembeba,
Hamadi, fundi chokaa

Ukija, dada, usile njiani. Njoo na njaa, ukae kando yangu barazani, Mzee Shomari akuone.