Nozeli ya Baba

Chang'ombe, Dodoma
Jumapili mchana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Ninatumaini barua hii inawakuta wazima, wewe na mama, na kwamba goti lake limetulia sasa baridi ya Busi imepungua. Mimi ni mzima kabisa. Nakula, nalala, nimenenepa hata gauni la Idi halifungi zipu. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu kama watu wengine. Nivumilie kidogo, sababu utaiona. Na hiyo bahasha ndogo iliyomo kwenye kifurushi usiifungue kwanza!

Habari kubwa ni hii: nimepewa milango! Milango ishirini na sita ya mninga, inakwenda kwenye ofisi moja huko Mtumba, na fundi Octavian, mwenye karakana, ametangaza mbele ya wote kwamba vanishi ya mwisho, ile inayoonekana na kila mtu, ataipuliza Joha. Mimi, baba! Nilijifanya natafuta msasa chini ya meza ili wasinione ninavyocheka peke yangu.

Sikuanza na kupuliza. Miezi minne nilikuwa wa kuosha tu zile bunduki za kupulizia. Octavian ni mpole, lakini kwenye kuosha hana masihara. Vanishi iliyobaki kwenye kikombe imwagwe palepale, isisubiri chai. Kisha utie thina ya kuyeyushia vanishi, upulize mpaka itoke safi kama maji. Kisha ufungue kofia ya mbele, nozeli na sindano, upige mswaki kimoja kimoja. Siku moja nilitumbukiza bunduki nzima kwenye kopo la thina ili nimalize upesi. Akanionyesha mipira ya ndani ilivyovimba, akasema thina haijui kuchagua, inasafisha chuma na kula mpira. Gerson, mpulizaji wake wa siku nyingi, akanibandika jina la Dobi, na sasa hata mama wa chai ananiita hivyo.

Basi juzi Octavian akatupa kila mmoja ubao wa kujaribu. Bunduki ya Gerson ikatema matone, maana hakuiosha tangu Jumanne. Yangu ikatoa ukungu laini, ubao ukang'aa mpaka nikajiona meno. Dobi ndiye akapewa milango! Gerson mwenyewe alicheka, akanipa mkono.

Sasa baba, kaa kwenye kigoda chako. Nikifika hapa kalamu inakuwa nzito.

Mwezi wangu wa tatu wa kuosha, nozeli moja iliziba kwa vanishi iliyokauka. Nikaokota waya nizibue. Octavian alinidaka mkono kama nimeshika nyoka. Akaniambia tundu lile ni dogo kuliko punje ya ulezi, na chuma kikilikwaruza kidogo tu, vanishi inakwenda upande na kutema. Dawa yake ni kuiloweka kwenye thina, kisha kijiti cha ufagio. Akanitolea nozeli iliyokwaruzwa, akapuliza kwenye boksi. Alama ikawa nene upande mmoja, nyembamba upande wa pili, na matone pembeni. Akasema kwa nozeli ya namna hiyo hata fundi wa miaka arobaini ataonekana hajui kazi.

Baba, pale kwenye boksi nililiona kabati la Mzee Bartolomayo.

Lile la harusi ya binti yake. Ulilipuliza mara tatu, ukalipiga msasa mara tatu, na kila mara likatoka na madoa. Jioni nilikusikia ukimwambia mama kwamba mkono umechoka, umeanza kutetemeka. Kesho yake ukaifunga bunduki kwenye gunia, ukaenda shamba la alizeti, na tangu siku hiyo unatengeneza viti vya kupaka kwa brashi tu.

Mkono wako haukuchoka. Siku moja kabla, nilikuwa nimeacha bunduki bila kuiosha, nikaenda kucheza rede. Niliporudi nozeli imeziba. Nikaogopa kugombezwa, nikachukua spoku ya baiskeli yako nikaichokonoa mpaka ikapenya. Yalipotokea madoa nilipata wasiwasi, lakini nikanyamaza. Nimenyamaza miaka saba, nikakuacha uamini kwamba ni wewe. Nisamehe baba. Kwenye simu ningelia, halafu ningekata.

Sasa fungua bahasha. Hiyo ni nozeli mpya ya bunduki yako ileile, pamoja na sindano yake. Namba ya bunduki alinitumia mama kwa picha, na hata yeye sababu haijui. Kompresa ya kuipa upepo najua ipo, si unawajazia watu upepo wa baiskeli kila siku?

Nisalimie mama, shangazi Mwajabu, na majirani wote wanaoniulizia. Mzee Bartolomayo usimwambie kitu, nitakuja kumwambia mwenyewe nikimaliza milango.

Kunijibu kwa maneno si lazima. Kata kipande cha boksi, simama kama ulivyokuwa ukisimama, upulize mara moja tu. Kikikauka, mpe kondakta wa basi la asubuhi aniletee. Nitakuwa stendi nakisubiri.

Ni mimi mwanao, niliyekukosea na ninayekupenda,

Joha
(huku wananiita Dobi)