Kumbe Ulinidanganya Juu ya Solange

Yaya Riziki,

Nimemaliza kitabu chako, na nimekasirika. Sikutaka kuanza hivi. Mtu akimwandikia dada yake aliyekufa angeanza na salamu, aulize umelalaje huko, aseme sisi huku wazima. Sisi wazima. Mvua imekuja, maharagwe yametoka shambani, mwanao Faida amenipita urefu. Haya, salamu zimekwisha. Sasa turudi kwa Solange.

Nimekisoma mwaka mzima, unajua? Wewe ulimaliza sekondari kule kwetu kabla ya vita. Mimi niliishia la sita, Kifaransa changu ni cha kusema bonjuu na kukimbia. Nilikaa na kamusi ya kuazima kwa katekista, neno moja moja, kitabu hakina jalada, kurasa zimelegea kwa mikono yako. Na kila ukurasa niliofungua nilijiuliza, huyu msichana ni nani tena? Huyu siye Solange wangu.

Maana Solange wangu ni yule uliyetusomea kwenye foleni ya mgao pale Base Camp, kambini kwetu wakimbizi. Tulikuwa tunakalia magunia matupu, wanawake wanamenya karanga, na wewe macho yako kwenye Kifaransa, mdomo kwenye Kiswahili, hata husimami kufikiri. Solange wako alikimbia vita. Alibeba sufuria kichwani akamwacha bibi yake, uliyemwita koko kama wa kwetu, kwa sababu miguu ya koko ilikuwa imekataa. Foleni nzima ililia. Mama mmoja alipitwa na zamu yake kwa kusikiliza, akaanza kugombana na mlinzi, nawe ukasimamisha hadithi mpaka arudishwe kwenye mstari.

Sasa nikuambie kitabu kinasema nini, kama vile hujui! Hakuna vita, Yaya. Hakuna hata bunduki ya kuwindia ndege. Solange ana miaka kumi na sita, ana chumba chake peke yake, ana kitanda na dirisha la kioo, na anakimbia nyumbani kwa sababu bibi amemkataza kukata nywele! Anakimbia bila mtu kumfukuza. Niliweka kitabu chini nikatoka nje nikapiga makofi peke yangu, jirani akadhani nimeona nyoka. Sura nzima anajitazama kwenye kioo akijiuliza yeye ni nani. Wewe ni mjukuu wa bibi yako, mtoto we, nenda kateke maji! Na milango je? Anabamiza mlango mara saba, nimehesabu. Sisi mlango wetu ulikuwa turubai. Siku ile niliyokukasirikia nikataka kuubamiza, ulinifunika uso tu, na wewe ukacheka mpaka ukakaa chini.

Nilicheka nilipokumbuka hilo. Na nisiwe mwongo kama wewe, kuna fasi mwandishi amenipata. Ni pale Solange anapovaa viatu vya bibi yake kwa mchezo, anakuta vinamtosha, anavivua haraka. Hapo nilisoma mara tatu. Mimi pia nilivaa kandambili zako ile wiki ya matanga, kwenda chooni tu, zikanitosha. Mtu ambaye hajapanga foleni ya maji hata siku moja alijuaje jambo hilo? Hapo nampenda kabisa. Halafu nafungua sura inayofuata, Solange analilia mvulana mwenye baiskeli, nataka tena kukitia kitabu chake jikoni niwashie moto.

Lakini si hayo yaliyonifanya nikuandikie. Ni mwisho.

Mwisho wako nimeushika kichwani mpaka leo. Solange anarudi baada ya miaka mingi, koko amekaa mlangoni, macho hayaoni vizuri, ila anasikia hatua zake na kusema, "Nilijuaka utakuja." Ulifunga kitabu, ukatuambia sote, na mimi ndiye uliyeniangalia: "Munaona? Koko hangekufa mbele Solange afike."

Mimi nilikuamini. Ulipokataa nisiende Mbarara, nami nikaenda kwa kiburi, nikapata kazi za nyumba kwa mke wa sajenti kule Makenke kwenye kambi ya jeshi, nilienda na maneno yako hayo. Kila mwezi nilisema nitarudi tupatane, Yaya yupo tu. Hata Mama Elia jirani alipopiga simu Jumanne ile kusema kifua kimekubana, nije, sikushtuka sana. Mke wa sajenti aliniambia kwa kile Kiswahili chao cha jeshini, "Wewe ngoja kwanza, afande iko na wageni ya Jumapili." Ningeweza kukataa. Geti lilikuwa wazi, nauli nilikuwa nayo, na yule mama hakuwa mkali, angenung'unika kidogo basi. Sikukataa, Yaya. Nilichambua mchele wa wageni huku nikijiambia, atangoja, mbona koko alingoja.

Nilifika Jumatatu. Walikuzika Jumamosi.

Sasa nifikirie mimi, miaka minne baadaye, nimefika ukurasa wa mwisho na ile kamusi ya katekista. Solange anarudi. Mlango umefungwa. Bibi amekufa siku mbili kabla. Siku mbili! Nilitafuta kila neno nikidhani nimekosea, nikatafuta hata maneno ninayoyajua tangu utoto. Sikuwa nimekosea. Jirani anamfungulia nyumba, hamuulizi alikuwa wapi, anamwekea supu mezani, Solange anakula, na kitabu kinaisha hapo. Nilikutukana, Yaya. Nilikutukana kwa sauti, Mungu anisamehe. Kwa nini hukutusomea kilivyoandikwa? Ungetusomea kilivyoandikwa, ningepanda gari Jumanne ileile, na mchele wa watu ningeuacha kwenye ungo.

Nimebeba hasira hiyo tangu Pasaka. Kwenda nayo shambani, kurudi nayo.

Na huyu Faida wako sasa! Ana miaka kumi na minne, anataka kwenda Mbarara kujifunza kushona. Amepata mama mmoja wa kanisani atakayemkalisha kwake. Nimesema hapana. Tangu hapo ni kununa asubuhi, kununa jioni. Siku hizi tuna mlango wa bati, na huo unabamizwa vizuri, vumbi lote la ukutani linashuka kwenye chakula. Nikaona dawa yake ninayo. Nitamsomea mwisho wa Solange, ule wa kweli, aone kinachowapata wanaoondoka kwa kiburi. Ndiyo, nilitaka kumtisha mtoto. Wewe ulimwambia mtu uongo ukamfariji, mimi nitamwambia ukweli umfunge miguu.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa, tunachambua maharagwe. Nilimsomea polepole nikimgeuzia kwa Kiswahili kama wewe, ila bila ufundi wako. Nilipofika kwa bibi amekufa, nikaweka kidole kwenye mstari nimwangalie. Hakuinua hata kichwa. Akasema, "Najua. Mama alinisomeaka hiyo."

Nikamwambia hapana, Mama alisoma koko yu hai, foleni nzima ni mashahidi. Akasema si ile ya foleni. Ni wiki yako ya mwisho, umeegemea ukuta kwa sababu kulala kulikukata pumzi, ulimsomea mwisho peke yake. Koko amekufa, mlango umefungwa, jirani, supu, vyote. Halafu ukamwambia yeye na Mama Elia: "Mama mudogo atafika nyuma. Musimugombeze. Mumuwekee chakula."

Maharagwe yalinimwagikia, Yaya.

Unakumbuka nilivyofika? Hukuona, samahani. Nilishuka Jumatatu ile nikiwa nimejiandaa kupigwa na maneno. Nilitaka wanipige. Mama Elia, na ulimi wake ule unaoujua, alinipokea mfuko akakaa kimya. Faida, miaka kumi, macho yamevimba, alileta bugali na sombe ya majani ya muhogo, vimefunikwa na sahani nyingine, akasema "Kula," basi. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi. Miaka minne nimelala na jambo hilo. Nilidhani wamenidharau mpaka kuninyima matusi. Kumbe walikuwa wanafanya kazi uliyowapa, na wewe ulikuwa umekwisha jua kwamba sitawahi, ukiwa ungali hai.

Sasa hasira yangu niipeleke wapi? Niambie. Nilikuwa nimeipanga vizuri, nina hata ushahidi wa kamusi.

Usifikiri imekwisha lakini. Solange ni mjinga, mwandishi wake amempa nywele sura mbili, na wewe ni mwongo wa foleni nzima. Nitasema hivyo mpaka tuonane. Lakini Faida ataenda Mbarara mwezi ujao. Nilimwambia jana, akabamiza mlango kwa furaha, mtoto huyu hana njia nyingine. Kitabu atakwenda nacho ndani ya begi. Sitamwambia kwamba nitamngoja, maana hilo silijui, na sitamsomea koko aliyekaa mlangoni. Nakuahidi sahani tu. Itakuwa imefunikwa, siku yoyote atakayofika, na Mama Elia nimekwisha mwonyesha inapokaa, asije Faida akafika mimi nimetangulia kwako.

Pumzika, Yaya wangu. Niache nami nikapumzike.

Ile sombe ilikuwa imepoa, na chumvi nyingi, Faida aliipika mwenyewe. Niliimaliza yote. Sikuwahi kukuambia.

Mdogo wako,
Zawadi