Bima ya Safari na Mama wa Lupembe

Kamwene, dada Zawadi! Ndivyo wanavyosalimiana huku Njombe.

Ile bima ya safari uliyonilazimisha kukata, nami nikanuna, imeniokoa. Jana niliteleza kwenye matope ya shamba la chai Lupembe, nikavunjika mguu. Hospitali imelipwa yote. Ahsante kwa kuning'ang'ania.

Ila mtu wa bima alipopiga simu akauliza, "Ndugu yako hapo ni nani?" nilikwama. Mama Upendo, mwenye shamba, tuliyejuana naye asubuhi ile ile, akaninyang'anya simu: "Ni mimi. Andika!"

Sasa niko kwake, nimejifunika blanketi lake, baridi nje, viazi vya moto mkononi. Nibusie watoto. Nawe ukija, kata bima. Wakikuuliza ndugu, usikwame kama mimi: huku tuna mama.

Mdogo wako, Neema